Serikali ikitangaza bei ya mahindi, nani atayanunua?

“Mwalimu, pokea salamu kutoka Bweyale, wilaya ya Kiryandongo. Mimi ni mama wa watoto watano, nalima mahindi ekari nne na mume wangu. Msimu huu tumevuna vizuri, lakini madalali wanaokuja na pikapu wanatoa shilingi 600 kwa kilo. Mwezi uliopita, kabla mavuno hayajatoka, walikuwa wanatoa 1,100. Dada yangu yuko Kampala na ananunua posho, yaani unga wa mahindi, kilo moja 2,500. Hizo 1,900 zinakwenda wapi kama si kwa walanguzi? Wazee hapa wanasema zamani Bodi ya serikali ilikuwa inanunua mazao yote kwa bei moja na mtu hakusumbuka. Kwa nini serikali isitangaze bei ya chini, tuseme 1,000, na atakayenunua chini ya hapo ashikwe? Na malori ya Kenya yazuiwe, maana yanabeba chakula chetu kwa bei ya bure. Wewe huandika kila mara kwamba soko liachwe huru. Uhuru huo unanisaidia nini mimi? Jambo la mwisho: kuna mfanyabiashara ameniambia atanipa fedha sasa hivi, 500 kwa kilo, nimpe mahindi ya msimu ujao mwezi wa saba. Ada za shule zinanisubiri mwezi wa pili. Nisaini?”

Dada yangu, hasira yako ina haki. Mtu aliyelima, akapalilia mara mbili, akavuna na kupukuchua, kisha akaambiwa jasho lake lina thamani ya karibu nusu ya bei ya mwezi uliopita, hawezi kufurahia maneno ya wachumi kuhusu soko huria. Sitakuambia uvumilie tu. Ila dawa unayoiomba naamini itakuumiza wewe kabla ya kumgusa dalali, na ningependa uione njia ambayo maumivu hayo yatapitia, ili ukinikatalia, unikatalie ukiwa na hesabu mkononi.

Tuanze na zile 1,900, maana hapo ndipo uchungu wako ulipo. Gunia lako la kilo 100 linapopakiwa kwenye pikapu, mara nyingi bado lina maji ndani yake. Mahindi yaliyoanikwa siku chache tu baada ya kuvunwa yanaweza kuwa na unyevu wa asilimia 18, na kiwango cha Afrika Mashariki kinataka yasizidi asilimia 13.5. Mnunuzi akiyakausha mpaka hapo, zile kilo 100 zinabaki kama 95. Halafu kuna kinu. Posho nyeupe, ile namba moja anayonunua dada yako, hukobolewa kwanza: ganda na kiini vinatoka vinakuwa pumba, na katika kila kilo 100 za nafaka unga unaopatikana ni kama kilo 60 hadi 65. Kwa hiyo gunia lako ulilouza 60,000 linatoa kilo 59 hivi za unga. Gawanya mwenyewe. Kabla dereva hajawasha gari, kilo moja ya posho imeshameza mahindi ya shilingi 1,000 na zaidi kidogo. Pengo unalolitafuta ni chini ya 1,500, si 1,900.

Ndani ya hizo 1,500 kuna pikapu ya kutoka shambani, lori la zaidi ya kilomita 200 mpaka Kampala, magunia, vibarua wa kupakia na kupakua, umeme wa kinu, riba ya fedha ambazo dalali naye amekopa, kodi ya duka la yule anayempimia dada yako kilo moja moja, na hasara ya mzigo unaokataliwa kwa kuwa umeota ukungu. Pumba huuzwa kwa wafugaji wa kuku na nguruwe na kurudisha sehemu ya gharama. Kinachobaki hugawanywa kati ya watu watano au sita. Je, mmoja wao anaweza kuwa anachukua kupita kiasi? Ndiyo, hasa mahali penye mnunuzi mmoja tu, na nitalirudia jambo hilo kwa sababu ni kubwa. Lakini yule wa pikapu hakuondoka kwako na 1,900 mfukoni.

Sasa, bei ilishukaje kutoka 1,100 hadi 600 kwa mwezi mmoja? Mwezi wa kumi na moja ghala nyingi zilikuwa tupu, na mwenye gunia alibembelezwa. Mwezi wa kumi na mbili mahindi yakatoka Bunyoro, Lango, Busoga na Mubende kwa wakati mmoja, na kila mkulima ana ada za shule za mwezi wa pili kichwani. Mnunuzi hahitaji kula njama na wenzake. Anajua kwamba wewe ukikataa leo, jirani yako atakubali kesho. Tena bei nzuri ya mwaka uliopita ndiyo iliyowashawishi wengi kuongeza ekari, na programu za serikali kama ile ya maendeleo ya parokia, PDM, ziliwapa watu mtaji wakaenda kupanda kilekile ambacho jirani amepanda.

Mwaka 1945 mchumi Friedrich Hayek aliandika jambo ambalo mkulima yeyote wa Kiryandongo angelielewa bila kwenda chuo: ujuzi unaoendesha uchumi haukai mahali pamoja. Wewe unajua shamba lako la bondeni lilipata mvua nyingi mno. Dereva anajua barabara ipi imekatika. Mwenye kinu Kisenyi, Kampala, anajua ni shule ngapi zimeagiza posho. Mfanyabiashara wa Juba anajua kama mzigo unapita mpaka wa Elegu au umezuiwa. Hakuna waziri anayeweza kukusanya yote hayo kila asubuhi na kupanga bei ya haki ya Bweyale leo na ya Mbale kesho. Bei ya soko inayakusanya kwa namna yake, bila kukamilika, na matokeo yake wakati mwingine ni habari mbaya. Kuizuia habari hiyo kwa amri ni kumchinja jogoo ukidhani hakutakucha.

Chukua bei yako ya 1,000. Mwenye kinu Kisenyi akinunua kwa bei hiyo Bweyale, akaongeza usafiri na gharama nilizotaja, posho yake itapanda sana. Wapangaji wa mtaa wa Katwe mjini watanunua kidogo, shule zitapunguza oda au zitahamia maharage na mihogo. Kwa hiyo naye atanunua magunia machache. Swali ni nani atayabeba yale yaliyobaki. Tangazo la serikali halina lori. Katika kijiji chako wenye bahati watauza kwa 1,000, na wengine watakaa na magunia hadi fukusi wawasaidie kuyamaliza. Ukiongeza polisi wa kumshika anayenunua chini ya bei, mfanyabiashara mwaminifu atakaa nyumbani kwake. Atakayekuja ni yule asiyeogopa, atakuja usiku, na atakulipa 450, kwa sababu sasa ana gharama mpya: ya askari wa njiani.

Utaniambia, basi serikali inunue yenyewe kwa 1,000. Majirani zetu wamelijaribu hilo. Kenya ina bodi yake ya nafaka, NCPB, ambayo kwa miaka mingi imenunua mahindi kwa bei iliyotangazwa. Waliofaidi zaidi ni wakulima wakubwa wa Bonde la Ufa, wenye malori ya kufikisha mzigo kwenye ghala na wenye uwezo wa kungoja malipo. Familia nyingi ndogo za vijijini huishiwa mahindi kabla ya msimu mpya, zikageuka wanunuzi. Kwao bei iliyopandishwa na bodi ilikuwa mzigo. Mwaka 2018 ikaja kashfa: wakulima wa kweli walipiga foleni bila kulipwa, na wafanyabiashara wenye kujuana na wakubwa walipokea mabilioni. Mwaka huohuo Tanzania, Rais Magufuli aliona wanunuzi wa korosho wanatoa bei ndogo, akawafukuza, akatangaza shilingi 3,300 za Tanzania kwa kilo, na akatuma jeshi likabebe korosho Mtwara na Lindi. Nia yake kwa mkulima siitilii shaka. Lakini wanunuzi waliondoka, serikali ikabaki na mlima wa korosho ikitafuta wa kumuuzia, na wakulima wengi walingoja fedha zao miezi mingi.

Sasa niwajibu wazee wako, kwa heshima, maana wanakumbuka kitu cha kweli. Bodi ilikuwa na bei moja na ulijua utapata nini. Walichokisahau, au labda hawapendi kukikumbuka, ni kilichokwenda pamoja na bei hiyo: mtu mwingine yeyote alikatazwa kununua. Na nchi hii ilishawahi kupeleka amri ya bei mpaka mwisho wake. Mwaka 1975 serikali ya Idi Amin iliweka sheria ya makosa ya uchumi. Kuficha bidhaa, kuuza juu ya bei iliyopangwa, kuvusha mali mpakani, yote yalipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na adhabu iliweza kufika kifo. Ni vigumu kutishia walanguzi zaidi ya hapo. Sukari, chumvi na sabuni zikapotea madukani. Biashara ikahamia kwenye magendo, na walioneemeka ni mafuta mingi, wale waliogawiwa maduka ya Wahindi waliofukuzwa 1972 na waliokuwa karibu na wenye bunduki. Mama wa kijijini alikunywa chai bila sukari.

Kahawa ndiyo inayotufundisha vizuri zaidi, kwa sababu imetupa jaribio la mara mbili. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa. Mkulima wa Bugisu alipaswa kutajirika. Lakini kahawa yote ilipaswa kuishia kwa Bodi ya Kahawa peke yake, na Bodi haikumpandishia bei kama dunia ilivyopandisha. Basi kahawa ikaanza kutembea yenyewe. Ilipanda miteremko ya Mlima Elgon kwa punda na kwa migongo ya watu, ikashuka upande wa Kenya, Chepkube, soko ambalo kwa muda mfupi liliwafanya watu matajiri kupita kiasi kwa kuwa lililipa taslimu. Wanajeshi walipelekwa mpakani, doria za mashua zikawekwa ziwani, watu wakauawa kwa ajili ya gunia la buni. Hata hivyo kahawa ilivuka. Na katika miaka ya 1980, Bodi ilipokuwa inachelewa kuvilipa vyama vya ushirika, mkulima alipeleka kahawa akarudi nyumbani na karatasi ya ahadi, katika nchi ambayo fedha ilikuwa inapoteza thamani kila mwezi. Katika bei ya kahawa nje, sehemu iliyomfikia ilikuwa chini ya theluthi.

Mwaka 1991 sheria ilibadilika. Bodi ilipoteza ukiritimba wake, kampuni binafsi zikaruhusiwa kununua na kusafirisha nje, na ikaundwa mamlaka ya kusimamia ubora, UCDA. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imeruhusu maduka ya kubadilisha fedha, ile biashara ya kibanda iliyokuwa inafanywa kwa kificho, na hivyo dola ya kahawa ikaacha kubadilishwa kwa bei ya uongo. Kisha mwaka 1994 baridi ikaiunguza tena Brazil. Safari hii wanunuzi walifuatana vijijini kwa baiskeli, pikipiki na pikapu, kila mmoja akimzidi mwenzake shilingi kadhaa, na sehemu ya mkulima katika bei ya nje ikapita theluthi mbili. Mwaka 1992 asilimia 56 ya Waganda waliishi chini ya mstari wa umaskini. Kufikia 1997 walikuwa asilimia 44, na wakulima wa kahawa walikuwa miongoni mwa walioinuka zaidi. Baridi ni ileile ya Brazil na mkulima ni yuleyule. Kilichobadilika ni idadi ya watu walioruhusiwa kununua kwake. Ndiyo maana Bunge lilipoivunja UCDA mwaka 2024 na kurudisha kazi zake wizarani, wakulima wengi wa kahawa walipiga kelele. Mimi nami nilikuwa na wasiwasi, na bado ninao.

Nisikufiche upande wa pili. Kahawa ilipofunguliwa, baadhi ya wanunuzi walibeba chochote, hata buni za kijani zilizokaushwa chini kwenye vumbi, na sifa ya kahawa yetu iliumia. Vyama vya ushirika vingi vilikufa, na pamoja navyo ghala, mizani na mahali ambapo wakulima walikuwa na sauti ya pamoja. Ugonjwa wa mnyauko wa kahawa uligunduliwa mwaka 1993, ukaangamiza miti mingi sana ya robusta, na huduma za ugani zilikuwa hoi wakati zilipohitajika zaidi. Mtu anayekuambia kwamba ukiondoa bodi kila kitu kinajipanga chenyewe hajaishi vijijini miaka hiyo. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: kati ya mnunuzi mmoja mwenye amri na wanunuzi kumi wenye tamaa, mkulima hupata zaidi kwa wale kumi.

Hii inanileta kwa malori ya Kenya, na hapa nakuomba sana ubadilishe mawazo. Mwenye lori la Kenya ndiye anayemzuia dalali wa Bweyale asikupe 400. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile aflatoksini inayotokana na ukungu. Malori yakakwama Busia na Malaba, na hofu ya wanunuzi ikafika haraka mpaka mashambani. Baada ya siku chache mpaka ulifunguliwa kwa masharti, likiwemo la cheti kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwaka 2023 Sudan Kusini nayo ilizuia malori yetu upande wa pili wa Elegu kwa sababu hiyohiyo. Wewe unataka tujifungie wenyewe mlango ambao, jirani akiufunga, tunalia. Ukifunga mpaka, mahindi yanabaki ndani, na bei ya ndani inaanguka zaidi. Dada yako wa Kampala atafurahi kwa msimu mmoja. Msimu unaofuata utapanda ekari mbili badala ya nne.

Je, serikali haina kazi? Inayo, na kwa kuwa inajishughulisha na isiyo yake, ile iliyo yake inalala. Mizani ya yule mwenye pikapu inapaswa kukaguliwa na shirika la viwango, UNBS, na kuwa na alama ya ukaguzi. Ukiibiwa kilo tano kwa kila gunia, kwa bei ya 600 umeshapoteza shilingi 3,000. Barabara ya kutoka shambani kwako hadi lami, vipimo vya sumukuvu vinavyoaminika mpakani, mahakama inayoweza kumlazimisha mnunuzi alipe alichoahidi, kuondolewa kwa vizuizi visivyo halali njiani na ushuru unaotozwa mara mbili mzigo uleule: haya mdai mbunge wenu na mwenyekiti wa wilaya bila kuchoka. Kila moja linapunguza gharama ya kununua kwako, na gharama ikipungua wanunuzi wanaongezeka.

Sasa kuhusu mnunuzi mmoja. Kama kijijini kwenu pikapu inayofika ni moja, basi soko lenu lina uhuru wa jina tu. Dawa yake ni kuwafanya wa pili na wa tatu waone faida ya kuja. Mwenye lori la tani kumi hawezi kutoka Kampala kwa ajili ya magunia yako ishirini, lakini atakuja kwa magunia mia moja yaliyokauka na kukusanywa mahali pamoja. Majirani kumi wanatosha. Simu nayo inasaidia kuuliza bei ya Masindi na Kisenyi kabla hujakubali, ingawa isitegemewe kupita kiasi: utafiti uliofanywa hapa Uganda mtandao wa simu ulipoenea uligundua kwamba wakulima wa ndizi walio mbali na mji walianza kuuza zaidi, lakini kwa mahindi hapakuwa na tofauti ya maana. Ndizi zinaoza, habari ya haraka ni fedha. Mahindi yanangoja, na ndiyo maana nguvu yako kubwa iko katika kungoja.

Kungoja kunaanza na kukausha. Anika juu ya turubai, kamwe si chini, kwani ukungu unaoleta sumu huanzia hapo. Kama huna kipima unyevu, chukua chupa kavu ya kioo, tia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha uache itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15; yarudishe juani. Chumvi ikianguka chini yote, umepita hatua hiyo, lakini kufika 13.5 kunahitaji jua zaidi kidogo. Ndipo uyatie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ya tabaka tatu, ambamo fukusi hufa kwa kukosa pumzi bila dawa yoyote. Mara nyingi bei hupanda mwezi wa nne na wa tano, kabla ya mavuno ya katikati ya mwaka. Mara nyingi, nasema; iko miaka ambayo haikupanda na waliongoja walijuta. Kwa hiyo mimi ningeuza sasa kiasi cha ada za shule na madeni yanayouma, hata kwa 600, na kuhifadhi yaliyobaki. Usihifadhi yote kwa matumaini, wala usiuze yote kwa hofu. Tangu 2006 tuna pia sheria ya stakabadhi za ghala, inayokuwezesha kuweka mahindi kwenye ghala lenye leseni na kutumia stakabadhi yake kuombea mkopo. Uliza kama kuna ghala la namna hiyo ambalo mzigo wenu unaweza kufika, na jihadhari na ghala lisilo na leseni, hata kama mwenyewe ni jamaa.

Nimalizie na yule anayetaka kukulipa 500 kwa mahindi ya mwezi wa saba. Hakuibii. Anakukopesha, na pia anabeba hatari ya bei. Tuseme akupe 500,000 sasa kwa kilo 1,000. Mwezi wa saba bei ikiwa 700, utakuwa umempa mzigo wa 700,000: riba ya asilimia 40 kwa miezi saba hivi, karibu 6 kila mwezi. Ikianguka mpaka 400, yeye ndiye amepoteza na wewe umepona. Linganisha na SACCO yenu, chama cha akiba na mikopo. Kama inakukopesha kwa asilimia 2 au 3 kwa mwezi, kopa huko na ubaki na mahindi yako. Kama hakuna mkopeshaji mwingine, usiuze mavuno yote mapema. Mpe robo au theluthi, na umwombe mkataba useme mtagawana nusu kwa nusu kila shilingi ambayo bei ya siku ya mavuno itazidi 600, kwa mfano. Huenda akakubali akiona unajua hesabu.

Usisaini kabla mtu mwingine hajausoma mkataba huo pamoja nawe. Muombe afisa wa biashara wa wilaya akusaidie, na kwa mambo ya ukungu na unyevu muone afisa ugani wa gombolola aje aone ghala lako kwa macho yake, kwa kuwa kwa maandishi siwezi kujua kama mahindi yako ni salama kuliwa. Ukiona punje zenye ukungu wa kijani au wa manjano, zitenge, usiwape watoto wala kuku kabla hazijapimwa. Angalia pia mkataba unasema nini mvua ikikosekana: unadaiwa mahindi, fedha, au mnangoja msimu unaofuata? Na kama yule bwana anataka karatasi za kibanja ziwe dhamana, simama hapohapo. Ardhi ambayo familia inaishi na kula kutokana nayo haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke na mume, sheria ya ardhi inasema hivyo, na kabla nyinyi wawili hamjaridhia muoneni wakili au ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu. Mwambie akupe nakala ulale nayo siku mbili. Akikataa, usichukue fedha zake.